Mume Wangu Si Kitufe

Kiti cha tatu katika mstari wa mbele kilikuwa kimebandikwa karatasi: MTUNZA KANDA. Hakuna aliyekikalia. Wageni waliochelewa walikiona kwa mbali, wakakikimbilia, wakaisoma karatasi, wakageuka na kwenda kusimama ukutani. Binti mkubwa wa mwenye kiti, ambaye tangu aanze kufundisha shule ya msingi hata kwao huitwa Mwalimu, alikaa kiti cha nne. Mwanzoni aliweka mkoba wake juu ya kile kitupu. Kisha akaona mkoba unamwaibisha kuliko utupu wenyewe, akauondoa.

Taa za ukumbi zikazimwa. Kwenye pazia jeupe akatokea mpaka rangi wa miaka arobaini iliyopita, suruali imefungwa kwa kamba, yuko juu ya ngazi na brashi mkononi. Chini yake amesimama bosi mwenye kitambi.

"Umemaliza?" bosi akauliza.

"Nimemaliza, bosi. Na mwenye nyumba ameipenda sana."

"Mwenye nyumba si ni mimi?"

Mpaka rangi akamtazama bosi. Akaitazama nyumba. Akaitazama brashi. Hapo picha ikaganda: mkono, brashi, ukuta. Ikaganda sekunde sita nzima, na katika sekunde hizo hapakusikika kitu, si kwenye spika wala kwenye viti.

"Imekwama?" mwanamume mmoja alimnong'oneza mkewe.

Mtu akakohoa. Mkurugenzi wa kituo cha televisheni, aliyekuwa ameandaa shughuli ile ya kuzindua diski za vichekesho vya zamani, alijaribu kucheka peke yake, akaishia njiani. Na mzee aliyeketi kiti cha kwanza, yuleyule mpaka rangi, ambaye mji mzima bado humwita Mzee Ngazi, aliinamisha kichwa kama mtu anayesomewa makosa yake mbele za watu.

Mwalimu alijua sekunde zile zilikuwa na nini kabla hazijafutwa. Alikuwepo. Alikuwa na miaka tisa, amekaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye miguu ya baba yake.

*

Mama yake alikuwa mpiga picha za video za harusi, wa kwanza mwanamke katika mitaa ile, na kwa sababu hiyo watu walimsahau jina mapema, wakamwita Bi Kamera. Kamera yenyewe ilikuwa jitu. Aliibeba begani upande wa kulia, na upande wa kushoto akaning'iniza mashine ya kurekodia yenye uzito wa mtoto wa miaka miwili, na kati ya vitu hivyo viwili ukapita waya mnene. Alipopita ukumbini watu walimpisha kama wanavyopisha kabati linalohamishwa.

Mumewe alikuwa msoma mita wa ofisi ya maji. Siku za harusi alimshikia taa. Kazi ya mshika taa ni kusimama nyuma ya kamera, mkono juu, akimulika nyuso za watu wengine. Alisimama hivyo kwa miaka kumi na minane, na katika mamia ya kanda za harusi alizopiga mkewe hayumo hata mara moja, isipokuwa kivuli cha kiwiko.

Bi Kamera alikuwa na kanuni moja ya kazi, na aliwafundisha waliokuja kujifunza kwake kabla hajawaruhusu kugusa kitufe.

"Bibi harusi anajua alivyovaa," aliwaambia. "Bwana harusi anajua alivyokosea kiapo. Wasichokijua ni nani alilia na nani alicheka walipokuwa wamegeuza mgongo. Kwa hiyo watu wakicheka, mwache anayechekesha. Geuka. Wapige waliocheka."

Mkono wake ulizoea hivyo mpaka ukawa haumuulizi tena.

Miaka hiyo televisheni ilikuwa bado ngeni, na nyumba yao ndiyo iliyokuwa nayo peke yake katika mtaa, kwa sababu ya kazi. Jumamosi saa moja jioni vilikuja vipindi viwili, kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kilikuwa *Rangi Mbichi*, kichekesho cha mpaka rangi na ngazi yake. Cha pili kilikuwa mchezo wa maswali ulioitwa *Piga Kengele*: washindani watatu, kila mmoja na kengele ya baiskeli mezani, anayejua jibu anaipiga. Mtaa wote ulikuja. Waliokosa nafasi ndani walisimama dirishani.

Mashine ya Bi Kamera haikuwa na njia ya kunasa kituo moja kwa moja. Ilikula tu kile ambacho kamera iliona na kusikia. Basi yeye akaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu mbele ya televisheni, kama anavyoisimamisha mbele ya meza ya maharusi, akarekodi kioo. Na kwa kuwa maikrofoni ya kamera haikujua kuchagua, ilichukua vyote: mpaka rangi, mlango unaofunguliwa, mtoto anayeambiwa anyamaze, na Mama Pacha wa nyumba ya pili, ambaye kicheko chake kilianza kama mtu anayeburuta kiti, halafu kikapanda, kikapanda, mpaka wengine wakawa wanakicheka chenyewe.

Na kila kichekesho kilipofika kileleni, mkono wa Bi Kamera uligeuza kamera. Kioo kikatoka, wakaingia watu.

Hapo ndipo alipo mumewe. Jumamosi hapakuwa na taa ya kushikwa. Mwanga wa televisheni ulimwangukia usoni kwa mara ya kwanza yeye, akiwa kwenye kiti chake cha mbao, na kwenye mkono wa kiti hicho alikuwa amefunga kwa skrubu kengele ya baiskeli iliyookotwa. Alikuwa ameacha shule darasa la nne, na hakuna swali aliloliogopa.

"Ni mnyama gani hulala akiwa amesimama?" mtangazaji aliuliza jioni moja.

*Kring!* "Mlinzi wa ghala letu!" akapaza sauti msoma mita, na sebule nzima ikavunjika mbavu. Tangu siku hiyo akawa Bwana Jibu. Mitaani alikosoma mita, watoto walimkimbilia wakimuuliza miji mikuu ya nchi, naye akawajibu bila kusita, na kwa nadra akapatia.

*

Kituo chenyewe hakikubaki na kitu. Kanda zilikuwa chache, na kila zilipotakiwa kwa mpira au hotuba, vichekesho vilifutwa, vikarekodiwa vingine juu yake. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Walidhani kicheko ni kitu kinachoota tena chenyewe.

Bi Kamera alizeeka na kaseti zake sitini na tatu kwenye kabati la nguo, zimefungwa katika mashuka ya zamani. Mumewe alipofariki, alikaa miezi minne bila kuligusa kabati. Kisha Jumamosi moja alasiri Mwalimu alifika kumjulia hali, akasikia kutoka barazani kengele yenye kutu, na sauti ya baba yake ikitangaza kwa uhakika wote kwamba nyangumi hutaga mayai. Alisimama na mkono kwenye kitasa. Ndani, mama yake alikuwa anamjibu: "Hutagi wewe, atataga nyangumi?"

Kwa hiyo kituo kilipotangaza, miaka kumi baadaye, kwamba kinatafuta mtu yeyote mwenye kanda za vipindi vya mwanzo, ni Mwalimu aliyepiga simu. Alidhani anampa mama yake zawadi.

Akaja fundi sauti, mwanamume mpole wa miaka thelathini na kitu, mwenye vipokea sauti vimening'inia shingoni hata alipokuwa anakunywa chai. Alizishika kaseti kama mayai. Alichukua arobaini, ndizo zilizoenea kwenye masanduku yake, akasema atarudi kuchukua ishirini na tatu zilizobaki. Akarudi baada ya miezi mitatu, na diski ya mfano mkononi, uso unang'aa.

"Mama, utafurahi," alisema. "Nimeondoa kelele zote. Asilimia tisini na nane."

"Kelele zipi?"

"Za mazingira, mama. Watu, milango, vikombe. Na kulikuwa na msumbufu mmoja huyo, anapiga kengele na kubwata majibu, sijui alikuwa mlevi? Yule amenitesa wiki nzima. Nimemtoa kabisa."

Mwalimu aliweka birika chini. Bi Kamera aliashiria mashine kwa kidevu: weka.

Walitazama. Mpaka rangi alisema neno lake, akasubiri, na picha ikaganda kwenye brashi. Mpaka rangi akateleza kutoka kwenye ngazi. Picha ikaganda kwenye ndoo. Kila mahali ambapo kamera ya Bi Kamera ilikuwa imewageukia watu, fundi alikuwa amewatoa watu akaweka picha iliyosimama, na chini yake kimya kilichopigwa pasi. Kikaja *Piga Kengele*. Mshindani wa kati akajibu bila kengele kulia. Kisha kengele ikalia, na hakuna aliyekuwa ameigusa, na mtangazaji akaendelea kusoma swali kana kwamba ni kiziwi.

"Hiyo umeiacha," Bi Kamera alisema.

"Ipi, mama?"

"Hiyo kengele. Ni ya mume wangu. Ya mshindani ndiyo uliyoitoa."

Fundi akakuna shingo. "Zinafanana sana, mama."

"Hazifanani hata kidogo. Za kule zilikuwa mpya. Yake ilikuwa na kutu, ilikohoa kwanza ndipo ikalia." Akamtazama sawasawa. "Huyo msumbufu wako, baba, ndiye aliyemzaa huyu aliyekumiminia chai."

Fundi sauti alikiweka kikombe mezani, taratibu, kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mwema. Mwalimu aliona jinsi rangi ilivyomtoka. "Hakuna aliyeniambia," akasema.

"Ungeuliza. Miezi mitatu umekaa na mtu masikioni, hukuuliza ni nani?"

*

Mkurugenzi aliwaita ofisini. Alikuwa na miwani isiyo na fremu na meza isiyo na karatasi, na aliwakaribisha kwa heshima zote, akamvutia Bi Kamera kiti yeye mwenyewe.

"Mama yangu, nchi ina deni kwako," alianza.

"Sikukopesha nchi. Nilikuwa narekodi kwangu."

Mkurugenzi akacheka kidogo, akaja kwenye jambo lake. Wanunuzi wa diski watataka kuona kichekesho, alisema. Lakini kila kichekesho kinapofika, kamera inageuka. "Unaona shida yetu, mama? Kila mara, palepale, tunakipoteza."

"Hukipotezi," alisema Bi Kamera. "Hapo ndipo kilipo."

"Lakini mchekeshaji haonekani!"

"Ameshasema. Alikuwa amebakiza nini? Baada ya hapo yeye anasubiri tu. Wenye kazi sasa ni watu."

Mkurugenzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikuwa na njia ya katikati, alisema, na hii hakika itampendeza kila mmoja. Wataiweka sebule ile pembeni, ndani ya diski hiyohiyo. Patakuwa na kitufe. Anayetaka kuwasikia majirani atabonyeza, asiyetaka ataacha.

"Na asipobonyeza?"

"Ataona kipindi kikiwa safi."

"Kwa hiyo mume wangu atakuwa anawashwa na kuzimwa."

"Si hivyo, mama, ni namna tu ya…"

"Mtoto anachoka, anamzima. Mgeni anakuja, anamzima." Bi Kamera alikuwa hajapandisha sauti. Alikuwa anafunga vishikizo vya sweta, kuanzia chini kwenda juu. "Sikiliza, mwanangu. Mume wangu si kitufe."

"Kisheria, mama, na ninasema hili kwa unyenyekevu, vipindi ni mali ya kituo."

"Ni kweli. Vichukueni. Mlikuwa navyo, mkarekodi mpira juu yake, hakuna aliyewauliza. Lakini kile kicheko hamkukitengeneza nyinyi. Studio yenu ilikuwa kimya. Kilitengenezwa kwangu, na watu waliotoka kazini na miguu inawauma. Mmekiona, mmekikata, mmekiita uchafu. Haya. Mmebaki na chenu. Kichekesheni basi."

Akasimama. Na zile ishirini na tatu, akasema akiwa mlangoni, zikiwemo fainali za *Piga Kengele* ambazo anajua wanazitamani kufa, hazitatoka kabatini.

Barabarani Mwalimu alitembea hatua mbili mbele, kama alivyofanya utotoni akiona haya.

"Umewaaibisha watu wazima ofisini kwao," alisema bila kugeuka.

"Nimewaambia. Kuambiwa si aibu."

"Baba angekubali. Baba hakuwa mgomvi."

"Baba yako hakuwa mgomvi kwa sababu nafasi hiyo nyumbani ilishachukuliwa."

Mwalimu alitaka kucheka, akajizuia kwa nguvu. "Mama, ni sekunde sita. Sita hapa, sita pale. Kwa ajili ya hizo unawanyima watu vipindi vyote?"

Bi Kamera alisimama katikati ya njia. Mwenye mkokoteni ikambidi amzunguke, akilalamika.

"Nitajie mahali pengine alipo," alisema.

"Nani?"

"Baba yako. Anacheka. Nitajie."

Mwalimu alitafuta. Kulikuwa na picha ya kitambulisho cha ofisi ya maji, ambayo alionekana kama ameshtakiwa. Kulikuwa na picha ya pamoja ya mahafali, amefumba macho. Alitafuta zaidi, akapita vyumba vyote vya kichwa chake, na kila alikofika alikuta mkono ulioshika taa, na nyuma ya taa giza.

Waliendelea kutembea. Safari hii walikwenda sambamba. Lakini siku ya uzinduzi ilipofika, Mwalimu alikwenda. Alijiambia mtu mmoja wa familia lazima awe na adabu.

*

Ndivyo alivyojikuta kwenye kiti cha nne, pembeni ya karatasi, akitazama baba yake asivyokuwepo kwa mara ya pili.

Taa zilipowashwa, watu walipiga makofi ya kistaarabu. Mkurugenzi alihutubia. Mzee Ngazi alipoitwa kusema neno, alipanda jukwaani kwa kushika ukuta, akaikaribia maikrofoni.

"Mimi mle ndani naonekana kama mtu aliyesahau maneno," alisema. "Sikusahau." Akashuka.

Alimkuta Mwalimu kwenye korido. "Wewe ndiye binti wa mwenye kanda? Mama yako yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, mzee. Amekataa kuja."

"Amesemaje?"

Mwalimu alisita, adabu ikampiga vita, ikashindwa. "Amesema hawezi kukipigia makofi kisu."

Mzee Ngazi alimtazama kwa makini, kisha akalegeza tai yake. "Nipeleke."

Walimkuta Bi Kamera anapiga pasi sare za wajukuu. Alimtazama mgeni kuanzia viatu hadi upara.

"Umechelewa miaka arobaini," alisema.

"Nilikuwa juu ya ngazi, dada. Hakuna aliyeniambia nishuke."

"Keti. Si hicho! Hicho kina kengele."

Mzee Ngazi akahamia kiti kingine. Alikubali maji, akakataa chai, akazungusha bilauri mkononi. Alikiri kabla hajaulizwa: mkurugenzi alikuwa amemwomba aje kumbembeleza, kwa heshima ya umri na jina, azitoe zile ishirini na tatu.

"Nilijua," alisema Bi Kamera. "Umekuja na tai." Lakini alikuwa ameshapiga magoti mbele ya mashine, na Mwalimu akaona kaseti aliyoichagua. Si katika zile ishirini na tatu. Ilikuwa ileile iliyoonyeshwa ukumbini, ya asili, imerudishwa na fundi sauti kwenye sanduku lake, na lebo ya harusi ya mtu imekwaruzwa.

Picha ilikuja na mistari inayopanda kama moshi. "Nimemaliza, bosi. Na mwenye nyumba ameipenda sana." "Mwenye nyumba si ni mimi?" Mpaka rangi akamtazama bosi, akaitazama nyumba, akaitazama brashi. Kisha kioo kikayumba, kikapita pazia, kikapita ukuta, na sebule hiihii ikajaa watu. Mama Pacha kichwa kimeanguka nyuma. Mwanamume dirishani anapiga fremu kwa kiganja. Msichana wa miaka tisa sakafuni, mdomo wazi, jino moja halipo. Na juu yake baba yake, kiganja kifuani, machozi yanamtoka, anamgeukia mtu aliye nyuma ya kamera na kumwonyesha kidole kioo, kana kwamba anamwambia: umeona huyu? Umemwona?

Mzee Ngazi aliiweka bilauri chini. "Rudisha," alisema.

Bi Kamera akarudisha. Mzee akatazama tena. Mara ya tatu alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza.

"Studio walikatazwa kucheka," alisema, macho kwenye kioo. "Mpiga kamera alikuwa anauma mkanda wa suruali. Mimi nikishasema neno, nahesabu tumboni moja mpaka sita, ndipo naendelea. Miaka mitano nahesabu. Sikujua kama upande wa pili kuna mtu." Akasikiliza. Kisha akapiga paja. "Lakini huyu mama wa kichwa nyuma, mwamsikia? Anamaliza kwenye saba! Nimemkatiza! Kila wiki nimemkatiza!"

"Alikuwa analalamika," alisema Bi Kamera. "Alisema una haraka."

"Mwambie anisamehe."

"Alihama zamani. Hata sijui kama yu hai."

Mzee akatikisa kichwa. Alitazama kaseti nzima, na alipofika kwenye *Piga Kengele*, aliposikia kwamba anayelala akiwa amesimama ni mlinzi wa ghala, alicheka mpaka ikabidi apigwe mgongoni. Alipopata pumzi alimuuliza Bi Kamera mtu yule alikuwa msanii wa kundi gani.

"Alikuwa anasoma mita," alisema Bi Kamera.

Simu ya Mwalimu ikalia. Alikuwa mkurugenzi, sauti ya asali, akiuliza kama mzee amefika salama na kama mama amelainika. Mwalimu alitoka nayo mpaka mlangoni, na kwa desturi yake akaandaa sentensi ya kuwaridhisha wote. Ndani, kengele ilikohoa, ikalia.

"Hajalainika," alisema. "Na mimi nimegoma. Mkitaka ishirini na tatu, mtazichukua na watu wake wote ndani, kama zilivyo, bila kitufe. Hamtaki, basi."

"Mwalimu, wewe ndiye uliyekuja kwetu. Nilidhani wewe ni mwelewa."

"Ni mwelewa. Ndiyo maana nakuambia hapana."

Alipogeuka, mama yake alikuwa amesimama nyuma yake na pasi mkononi, amesikia yote. Bi Kamera hakumkumbatia, hakumsifu. Alimtazama kwa muda, jinsi alivyozoea kutazama mtu kabla ya kumpiga picha, kisha akarudi kumalizia kola.

*

Kituo hakikukubali. Diski ziliingia madukani zikiwa na vipindi vya zile kaseti arobaini, safi, ngazi na ndoo zilizoganda na kengele zisizo na wenyewe, bila fainali. Ilikuja barua ya mwanasheria. Bi Kamera aliirudisha akiwa ameandika chini kwa kalamu nyekundu ya bintiye: *Njooni mkate mbele yangu*. Hawakuja. Fundi sauti alikuja, siku ya mapumziko, bila kutumwa, akasafisha vichwa vya mashine na kuondoka.

Mwaka uliofuata chuo cha ualimu kilizipokea kaseti zote sitini na tatu katika maktaba yake, kwa karatasi yenye sharti la mistari miwili, iliyosainiwa na mkuu wa chuo: kisikatwe kitu, kisisafishwe kitu. Kila alasiri ya Ijumaa wanafunzi huruhusiwa kutazama. Mashine nayo Bi Kamera aliitoa, kwa kuwa ndiyo pekee iliyozijua, na kiti cha mbao akakipeleka kikae mbele yake. Msimamizi wa maktaba anasema wanafunzi hugombania kukikalia.

Bi Kamera ana miaka sabini na minne. Anaishi kwa Mwalimu, chumba cha nyuma, goti la kushoto limefanyiwa upasuaji, na ataanza kutembea bila fimbo mwezi ujao.